Kabla Daktari Akuone, Kuna Mtu Alikubeba

Juzi niliwauliza swali: Kariokor inaitwa Kariokor kwa nini? Majibu yalinimaliza. Mmoja aliandika ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka pale kitambo. Mwingine akasema ni neno la Kijaluo. Wengi mlisema nyinyi mnaijua kwa nyama choma na viondo, hayo mengine niulize wazee. Sawa, nimewauliza wazee, na nimesoma pia. Leo naandika kirefu, kwa hivyo kama uko kwa mat na jam haisongi, hii ni yako.

Lakini kwanza niwaambie kitu nilichowaficha. Kuna miezi saba nilinyamaza hapa, mkawa mnauliza kama niko sawa. Niliwaambia niko na kazi fulani ya video. Uongo. Nilikuwa mhudumu wa wodi kwa hospitali moja huku Eastlands. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ikiwa imetushinda kabisa, na jirani yetu mmoja akanisaidia kupata kibarua. Nilikuwa nasukuma wagonjwa kutoka mapokezi hadi wodi, wodi hadi eksirei, eksirei hadi theta. Nilipiga deki. Nilibadilisha shuka zenye damu, nikabeba mitungi ya oksijeni na vyombo vya haja. Na ndiyo, nilipeleka watu mochari. Nilikuwa naona aibu. Nikifika stendi ya mat navua lile koti la kazi naliingiza kwa begi, nisije nikakutana na mtu niliyesoma naye.

Hiyo aibu ndiyo imenifanya niandike hii. Nataka kujua ilitoka wapi.

Jina la stendi

Vita Kuu ya Kwanza ilianza Julai 1914. Kwa vitabu vyetu vya shule ni vita vya Ulaya: mahandaki, Ujerumani, Ufaransa, mtihani umeisha. Lakini hapa kwetu Waingereza walikuwa Kenya na Wajerumani walikuwa Tanganyika, na wale walipigana hadi Novemba 1918. Jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, aliwazungusha Waingereza kutoka Kilimanjaro mpaka Msumbiji na kurudi.

Sasa fikiria vita kama hivyo bila barabara. Mvua ikinyesha, lori linazama. Farasi na ng'ombe wanauawa na mbung'o. Kila kitu lazima kibebwe na mtu: risasi, bunduki za mashine, unga, maji, mahema, hata vyakula vya maofisa. Na askari akipigwa risasi, anabebwa na watu kwa machela.

Kwa hivyo Waingereza wakaunda kikosi cha wapagazi kilichoitwa Carrier Corps. Watu wetu walilisikia hilo jina wakalitamka walivyoweza: Kariokor. Dar es Salaam wakasema Kariakoo. Ni jina lilelile, na ni vita vilevile. Kambi ya wapagazi wa Nairobi ilikuwa pale, karibu na mto. Kwa hivyo kila siku makanga akipiga kelele "Kariokor! Kariokor!" anaita wapagazi bila kujua.

Mwanzoni watu walichukuliwa kwa maneno matamu, baadaye kwa nguvu. Sheria ilipitishwa mwaka wa 1915 iliyoruhusu kuwachukua kwa lazima, na 1917 ofisa anayeitwa John Ainsworth akapewa kazi ya kukusanya wengine kwa wingi. Machifu waliambiwa walete idadi fulani, na chifu akiambiwa alete watu unajua nani atapelekwa: asiye na ng'ombe, asiye na mjomba mkubwa. Kutoka Kenya pekee walichukuliwa zaidi ya 150,000.

Walikufa vibaya. Rekodi za wakati ule zilihesabu zaidi ya 40,000 kwa upande wa Waingereza, na wanahistoria waliorudia hesabu wanasema idadi ya kweli inakaribia 100,000. Risasi iliua wachache. Kilichowaua ni kuhara damu, malaria, nimonia, na chakula. Mtu aliyezoea ndizi, viazi vitamu na kunde anapewa unga wa mahindi, hana sufuria ya maana, kuni zimeloa, na saa kumi na moja alfajiri lazima awe njiani na mzigo. Anakula unga haujaiva. Tumbo linaharibika, na hapo safari yake imeisha. Oscar Watkins, ofisa aliyesimamia kikosi hicho, alipigania chakula bora na matibabu, lakini vita vilikuwa na haraka kuliko yeye.

Mgonjwa akibebwa na mgonjwa

Hapa ndipo historia ilinigusa bega. Jeshi lenye maelfu ya wapagazi wanaohara damu linahitaji hospitali, na zilikuwepo hospitali za wapagazi. Ni nani alifanya kazi humo? Madaktari Wazungu walihesabika kwa vidole. Kazi ya kuinua, kuosha, kulisha, kumwaga ndoo na kuchimba makaburi ilifanywa na Waafrika.

Uganda walipata wazo la kuipanga kazi hiyo. Mwaka wa 1917 daktari wa jeshi anayeitwa Keane alisaidia kuunda kikosi cha wahudumu Waafrika, African Native Medical Corps. Kilikuwa na vijana waliosoma, wengine kutoka shule kama King's College Budo. Walifundishwa kufunga vidonda, kupima joto, kutoa dawa, kisha wakapelekwa hospitali za wapagazi. Vijana wa umri wangu, wamesoma kidogo, wanajikuta kwa wodi imejaa watu wanaokufa. Niliposoma hivyo nilifunga simu nikakaa.

Kwa sababu usiku wangu wa kwanza kazini niliwekwa na mzee mmoja, alikuwa amefanya hiyo kazi tangu miaka ya themanini. Lifti haikuwa inafanya. Kulikuwa na mama anatakiwa theta, ghorofa mbili juu. Mimi nilidhani tutangoja fundi. Mzee akaleta machela. Akaniambia, "Kijana, ukipanda ngazi kichwa kinatangulia. Ukishuka, miguu inatangulia. Kichwa kisiwahi kuwa chini ya miguu. Na usivute. Tunahesabu, halafu tunainua pamoja."

Tukahesabu. Moja, mbili, inua. Kwenye kona ya ngazi mikono yangu ilianza kutetemeka, na yule mama akaniangalia akasema, "Usiniangushe, mwanangu." Hakuwa anaogopa upasuaji. Alikuwa ananiogopa mimi.

Hatukumwangusha. Lakini tangu siku hiyo siwezi kumsikia mtu akisema ile ni kazi isiyohitaji ujuzi. Kuna namna ya kumgeuza mtu aliyevunjika nyonga. Kuna kufunga breki za kitanda kabla hujamgusa mgonjwa. Kuna kumsukuma mtu aliyefariki wakati watu wa kuona wagonjwa hawajaingia, umemfunika shuka vizuri, na mkono wako uko juu ya kitanda kama ambavyo ungefanya akiwa hai. Hakuna aliyenifundisha darasani. Mzee alifundishwa na mzee mwingine, na huyo na mwingine, na ukirudi nyuma hivyo hivyo utafika kwa mtu aliyeshika mti wa machela kwenye matope ya Rufiji.

Dresa anapanda, mbebaji anabaki

Vita vikaisha. Nairobi tayari ilikuwa na hospitali ya Waafrika tangu 1901, Native Civil Hospital, ilianza na vitanda 40. Mwaka wa 1952 ikabadilishwa jina ikawa King George VI, na baada ya uhuru ikawa Kenyatta. Wazee wa mtaa bado wanaiita King George, na ukicheka unaambiwa wewe ni mtoto.

Katika hospitali za wakati huo kulikuwa na mtu anaitwa dresa. Uliza shosho yako, atakwambia. Dresa alifunga vidonda, alitoa dawa, alidunga sindano, na mashambani yeye ndiye alikuwa daktari. Wengi wa mwanzo hawakutoka chuo. Mtu aliajiriwa kufagia na kubeba, akaonekana ana mkono mzuri na akili, akapandishwa akafunzwa hapo hapo wodini. Aliyefagia Jumatatu angeweza kufunga vidonda mwaka uliofuata.

Halafu mafunzo yakawekwa rasmi. Chuo chetu cha KMTC kinahesabu mwanzo wake mwaka wa 1927. Uganda walifungua Makerere 1922, na masomo ya utabibu yakaanza huko muda mfupi baadaye. Hiyo ilikuwa hatua nzuri, sina ubishi. Hakuna anayetaka kushonwa na mtu aliyejifunza kwa kuchungulia. Lakini angalia kilichotokea kwa ngazi. Kazi iliyokuwa moja ikagawanyika mara mbili. Upande mmoja wakapata cheti, cheo, na baadaye chama. Ukoo wa dresa ndio uliotuletea wale tunaowaita klinikal leo. Upande wa pili wakabaki na mzigo. Na ile njia ya kutoka huku kwenda kule ikazidi kuwa nyembamba, mpaka siku hizi mtu anaweza kubeba wagonjwa miaka 30 na bado hajui kama kuna mlango.

Huku Eastlands hospitali ikatufuata nyumbani. Pumwani ilikuwa ndiyo mtaa wa Waafrika, baada ya serikali kuvunja vijiji kadhaa vya zamani na kuwaleta watu mahali pamoja. Mwaka wa 1926 mke wa gavana, Lady Grigg, alianzisha nyumba ya kujifungulia pale, na 1944 baraza la jiji likaichukua. Ndiyo Pumwani Maternity ya leo. Ukiwa na watu kumi kutoka Eastlands kwa chumba kimoja, uliza wangapi walizaliwa Pumwani. Kisha waulize nani alimsukuma mama yao kutoka leba hadi wodi. Kimya.

"Kuna mtu hapa?"

Kuna hadithi ya Tom Mboya ambayo inafaa hapa. Kabla hajawa Mboya wa sanamu ya Moi Avenue, alikuwa mfanyakazi wa afya wa jiji. Alisomea ukaguzi wa usafi pale Jeanes School, Kabete, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akawa anapima maziwa na kukagua maduka ya Nairobi. Aliwahi kusimulia mwenyewe: siku moja akiwa ofisini peke yake, mwanamke wa Kizungu aliingia na chupa ya maziwa ya kupimwa, akaangalia chumba chote, akauliza kama kuna mtu. Mboya alikuwa amesimama hapo mbele yake.

Wengi husimulia hiyo kama hadithi ya ubaguzi wa rangi, na ni kweli. Lakini nikiwa na lile koti la kazi nimeona Waafrika wenzangu wakifanya vivyo hivyo. Familia inaingia wodini, nimesimama kando ya kitanda cha baba yao niliyemwosha asubuhi, na mmoja anasema, "Hakuna mtu hapa wa kuuliza?" Buda, niko hapa.

Mboya hakuishia kukasirika. Alichukua chama kidogo cha wafanyakazi wa baraza la jiji akakikuza kuwa chama cha wafanyakazi wa serikali za mitaa, Kenya Local Government Workers' Union. Hao ni watu waliofagia barabara, walioondoa takataka, na waliofanya kazi kwa kliniki na hospitali za baraza. Siku hizi tunamkumbuka Mboya kwa ndege zilizopeleka wanafunzi Marekani. Mimi namkumbuka zaidi kwa hiki chama, kwa sababu alianza na watu ambao hawakuonekana.

Ilikuwa wakati mgumu wa kuanzisha chochote. Hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 1952. Aprili 24, 1954, jeshi na polisi walizingira Nairobi kwa Operesheni Anvil, wakapita mtaa kwa mtaa wakiwachukua Wakikuyu, Waembu na Wameru. Maelfu walipelekwa Lang'ata, wengine Mackinnon Road na Manyani. Waajiri wa mji huu walilala na wafanyakazi wakaamka hawana. Shosho yangu, ambaye alikuwa mtoto, anakumbuka malori. Anasema mtu akitoka kwenda kazini hakuwa na uhakika kama ugali wake wa jioni utaliwa na yeye.

Uhuru, na kalamu nyekundu

Baada ya uhuru kazi ya wodi ilikuwa kazi. Nasema hivyo kwa maana kamili. Mhudumu wa hospitali ya serikali alikuwa mwajiriwa, ana nambari ya kazi, ana likizo, ana pensheni. Mzee wangu wa zamu aliingia wakati huo. Alilea watoto wanne Eastlands kwa mshahara wa kusukuma vitanda, na mmoja wao ni mwalimu.

Halafu ikaja miaka ya themanini na tisini. Benki ya Dunia na IMF wakaiambia serikali ipunguze matumizi. Desemba 1989 hospitali za umma zikaanza kutoza ada, kelele zikawa nyingi, ada zikasimamishwa 1990, zikarudishwa kidogo kidogo kuanzia 1992. Hiyo sehemu wazazi wetu wanaikumbuka kwa sababu iliwagusa mfukoni. Sehemu wasiyoiongelea sana ni ile ya wafanyakazi. Mwaka wa 1993 serikali ilianza mageuzi ya utumishi wa umma, ukaja mpango wa kustaafu mapema kwa hiari. Uliwalenga watu wa ngazi za chini. Hawakuanza na wakurugenzi. Walianza na wahudumu, wafagiaji, matarishi, madereva. Mtu alipewa pesa kidogo mkononi, akafungua kioski, kioski kikafa.

Wagonjwa hawakupungua, lakini. Bado kuna mtu lazima abebwe. Kwa hivyo hospitali nyingi zikarudi kwa njia ya zamani: vibarua, na kampuni za usafi zinazoleta watu wao. Na 2013 afya ikaenda kwa kaunti, kila kaunti na bajeti yake, na kibarua akabaki kibarua. Tukapata hospitali mpya, na nashukuru, kwa sababu kabla ya Mama Lucy mtu wa Kayole na Umoja alikuwa anavuka mji mzima kufika Kenyatta. Majengo ni mazuri. Naongea juu ya mikono iliyo ndani ya majengo.

Kitabu ambacho sikuwa ndani yake

Sasa nimalize na yangu. Mwezi wa saba nilifanya kazi siku zote, nikakosa mbili kwa sababu ya homa. Siku ya malipo nikapanga foleni. Aliyekuwa anasoma majina alipekua kitabu, akapekua tena, akaniambia sipo. Msimamizi wetu alikuwa anatuandika kwa majina ya mtaani, na alikuwa ameondoka. Nilikuwa nimeandikwa kwa lakabu, na kitambulisho changu kina jina lingine. Nilirudi mara nne. Mara ya nne askari wa geti akaniambia kwa upole, kama kaka, niache kujisumbua.

Usiku huo nilienda kwa shosho, Maringo. Nilimwambia kila kitu, hata ile aibu ya koti. Akanisikiliza, akanimiminia chai, halafu akaniambia kitu ambacho sikuwa nimewahi kusikia. Babu yake, kwao Murang'a, alichukuliwa akapelekwa Kariakoo. Hakurudi. Hawakuletewa barua wala pesa, na hakuna mtu aliyewahi kuja kusema alizikwa wapi. Mama yake shosho alikuwa msichana mdogo na alikumbuka tu kwamba nyumbani kulikuwa na kigoda ambacho watoto walikatazwa kukikalia.

Hapo ndipo nilianza kusoma. Nikajua kwamba hatukuwa peke yetu. Baada ya vita mishahara mingi ya wapagazi waliokufa haikuwahi kufika kwa familia. Jina liliandikwa vibaya na karani, au kijiji hakikujulikana, au mtu alikufa njiani na hakuna aliyeandika. Familia ikingoja, pesa ikibaki serikalini. Pale Kenyatta Avenue kuna ile minara ya sanamu tatu iliyozinduliwa 1928. Mmoja wa wale watu hana bunduki, ni mpagazi. Nimepita hapo mara elfu nikikimbilia mat. Kuna maandishi kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza ya kuwasifu. Majina hakuna hata moja.

Na hiyo haikuwa bahati mbaya. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti juu yake yenyewe. Ikakubali kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, waliokufa wakiitumikia Uingereza katika vita vile hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walitoka Afrika Mashariki na Misri. Wazungu walikumbukwa kwa majina. Waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni kwao. Miaka mia moja na zaidi.

Mimi sikufa kwa vita. Nilikosa mshahara wa mwezi mmoja, na nina chai na shosho na simu ya kuandikia. Sijilinganishi na yule mzee wa kigoda. Lakini nimeona njia ni ileile. Unamchukua mtu kwa kazi ambayo bila yeye kila kitu kinasimama. Unaiita kazi ya muda, ingawa imeendelea tangu 1914. Unaandika jina lake ovyo, au huliandiki. Halafu siku ya kulipa unamwambia hayumo.

Basi hiki ndicho nataka muondoke nacho, hasa wewe ambaye uko kwa kibarua sasa hivi, iwe hospitali, iwe mjengo, iwe Indasti. Sheria ya ajira ya 2007, kifungu cha 37, inasema ukifanya kibarua siku zinazofuatana zikafika mwezi mmoja, au ukipewa kazi ambayo haiwezi kuisha kwa miezi mitatu, wewe si kibarua tena. Unahesabiwa kama mwajiriwa wa mwezi, na haki zinabadilika. Mimi sikujua. Miezi saba sikujua. Andika siku zako mwenyewe kwa daftari, na tarehe. Hakikisha jina lililo kwa kitabu chao ni lile la kitambulisho. Piga picha ukiweza.

Na wewe ambaye si kibarua, siku utakapolazwa, au utakapompeleka mama yako, kuna mtu atakuja na kitanda cha magurudumu kabla hujamwona daktari. Muulize jina. Ni kitu kidogo, najua. Yule mama wa ghorofa mbili aliniuliza langu siku ya tatu baada ya upasuaji, nikipita na ndoo ya deki. Nilimwambia jina langu kamili, na alipoenda nyumbani aliniaga kwa hilo jina mbele ya wodi nzima. Katika ile miezi saba, hiyo ndiyo mara pekee nilisikia jina langu kamili mle ndani.

Koti bado ninalo. Shosho alilifua, likaninginia kwa kamba Maringo mchana kutwa, kila mtu akiliona. Na nikipita Kariokor siku hizi, makanga akiita, huwa naitikia kimoyomoyo.